Mjeledi Mkononi mwa Adili

Mwanafunzi wa Kamenu, Thika, anayeulizwa sifa za wahusika wa Adili na Nduguze hupewa swali rahisi kupita kiasi. Shaaban Robert amekwisha kumfanyia nusu ya kazi kwa kuwapa watu wake majina yanayojieleza: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Kijana hunakili majina, akaongeza kwamba mmoja ni mvumilivu na wengine ni wasaliti, akapata alama zake, na kitabu kikafungwa. Dhamira nayo hupatikana kwa mkato huohuo: wema hushinda uovu. Hakuna lililo uongo katika majibu hayo, ila yanaiacha nje sehemu nzito kuliko zote. Katikati ya riwaya hii yupo mtu mwema ambaye kila usiku hushika mjeledi akawachapa ndugu zake wa damu. Kwamba ndugu hao walitenda uovu hakuna anayebisha. Swali linalobaki wazi ni adhabu ya haki ikome lini, nani mwenye uwezo wa kuikomesha, na inamfanya nini yule aliyepewa kazi ya kuitekeleza.

Kwa aliyeisoma zamani akiwa shuleni, au hakuisoma kabisa, kisa kwa ufupi ni hiki. Riwaya ilichapishwa mwaka 1952. Nchi ni Ughaibu, mfalme ni Rai, na Adili ni mtawala aliyewekwa na mfalme huyo kuuangalia mji wa Janibu. Kodi ya Janibu inachelewa, kwa hiyo Rai anamtuma ofisa wake, Ikibali, kwenda kuifuatilia. Akiwa mgeni katika nyumba ya Adili, Ikibali anashuhudia usiku jambo asilolielewa: mwenyeji wake, mtu mpole na mkarimu, anawapiga manyani wawili kwa ukali, kisha anawatunza kwa majonzi. Habari zinafika kwa mfalme, na Adili anaitwa ajieleze. Maelezo yake ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kitabu: jinsi nduguze, Hasidi na Mwivu, walivyotapanya mali na yeye akawafadhili tena; jinsi walivyosafiri pamoja wakafika kwenye mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, na humo akamkuta Mwelekevu, msichana aliyebaki hai peke yake; jinsi nduguze walivyomtosa baharini kwa choyo ya mali na ya msichana huyo; na jinsi jini Huria, aliyewahi kuokolewa na Adili alipokuwa katika umbo la nyoka, alivyomtoa majini, akawageuza nduguze manyani na kumwamuru awapige kila usiku.

Msomaji wa Alfu Lela Ulela atakitambua kisa hiki mara moja. Mifupa yake ni hadithi ya Abdullah bin Fadhil, mtawala wa Basra zama za Harun al-Rashid, na watafiti wa fasihi wamelisema hilo kwa muda mrefu. Wapo wanaolitumia jambo hili kumshusha mwandishi, kana kwamba aliyeazima hakufikiri. Mimi naona kinyume. Penye kisa cha kuazima ndipo tunapoweza kuipima nia ya mwandishi vizuri zaidi, kwa sababu tunaona alichokiacha kama kilivyo na alichokigeuza. Katika hadithi ya Basra ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Baadaye hurudishwa katika ubinadamu kwa maombezi ya khalifa, lakini husuda haiwatoki. Wanamsaliti ndugu yao mara ya pili, na mwisho wao ni kunyongwa. Funzo la hadithi hiyo ni kavu: hasidi habadiliki, na aliyemwonea huruma alijidanganya. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Hasidi na Mwivu wake wanarudishiwa utu, wanajuta, na wanapokewa tena katika jamii. Mtu aliyekuwa na hadithi kamili mbele yake, yenye kilele cha kutisha ambacho watoto hukipenda, akaamua kuikata kabla ya kitanzi, huyo alikuwa na hoja yake.

Badiliko la mbwa kuwa manyani linaonekana dogo, nami sidhani ni dogo. Mbwa katika mazingira ya Kiislamu ya pwani ni mnyama wa kuwekwa mbali, na kumpiga hakutikisi sana moyo wa msomaji. Nyani ana mikono, ana uso, anakaa kitako kama mtu. Anayempiga nyani anapiga kitu kinachofanana naye. Tena mwandishi anaiweka picha hii ndani ya dola ambayo mfalme wake anasifika kwa huruma yake kwa wanyama, hivyo kinachomshtua Rai hata kabla ya kuujua undani wa kisa ni mateso ya kiumbe asiyeweza kujitetea. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Shaaban Robert hakuishi kwa kalamu. Alianza kazi katika idara ya forodha mwaka 1926 na akakaa humo mpaka mwaka 1944, kisha akafanya kazi kwa muda katika idara iliyoshughulika na wanyama kabla ya kuhamia ofisi ya wilaya Tanga. Kodi inayochelewa, ofisa anayetumwa kuifuatilia, ripoti inayopelekwa juu na mnyama anayehitaji kutetewa havikuwa vitu vya ndotoni kwake. Nchi yake ya kubuni ina majini na mji wa mawe, lakini pia ina faili na wakubwa wa kazi.

Tukishaona hivyo, matukio mengine ya kifantasia yanaanza kusemezana. Adili alimwokoa nyoka aliyekuwa akifukuzwa na nyoka mwingine, tendo la huruma kwa kiumbe ambacho watu wengi hukiponda kichwa bila kuuliza. Fadhila ya tendo hilo ndiyo iliyomrudishia uhai baharini, na fadhila hiyohiyo ndiyo iliyomtia mjeledi mkononi. Aliyemhurumia mnyama mmoja anageuka mtesaji wa wanyama wawili, na yote mawili yanatokana na Huria. Angalia pia adhabu mbili za kugeuzwa umbo zilizowekwa kando kwa kando. Watu wa mji ule waligeuka mawe, nao jiwe halijuti. Hukumu yao imefungwa. Hasidi na Mwivu waligeuka manyani, na nyani anaumia, anakumbuka, anasubiri. Riwaya inatuonyesha kwanza hukumu isiyo na mlango wa kutokea, kisha inatuletea hukumu ambayo mlango wake umefungwa tu na mtu fulani, na kwa hiyo mtu anaweza kuufungua.

Hoja ya kwanza ya kunipinga ni ya wapenda utaratibu. Watasema hii ni istiara, majina yametolewa makusudi ili msomaji asihangaike, na kumpekua Adili nafsini ni kumvika mhusika wa zamani nguo za riwaya za leo. Nakubali kwamba majina ni ishara. Lakini jina katika kitabu hiki linaonyesha mhusika anapoanzia safari, halisemi atafika wapi. Hasidi anaendelea kuitwa Hasidi baada ya husuda kumtoka. Kama jina lingekuwa ndiyo hukumu ya mwisho, toba yake isingewezekana na mwisho wa kitabu ungekuwa kosa la mwandishi. Kwa upande wa pili, Adili anaitwa Adili usiku uleule anaofanya kitendo ambacho mfalme wake anakiona ni ukatili. Mwandishi ameweka umbali kati ya jina na tendo, na umbali huo ndio mahali pa mhakiki pa kufanyia kazi. Mwalimu anayemwachia mwanafunzi aishie kwenye jina anamfundisha kusoma kibao cha mlangoni badala ya kuingia ndani ya nyumba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Adili hakuwa na hiari. Aliamriwa na kiumbe mwenye nguvu kumshinda, kwa amri yenye tishio, na machozi yake ni ushahidi kwamba moyo wake haukuwamo. Haya ni kweli, na ndiyo yanayonifanya nimwone mhusika mgumu, wala si malaika. Utetezi wa Adili ni utetezi ambao askari, karani na nyapara wamekuwa wakiutoa popote duniani: nililia, lakini niliamriwa. Riwaya haimhukumu kwa hilo, wala mimi simhukumu. Hata hivyo haiukubali utetezi huo kama mwisho wa mazungumzo. Baada ya kumsikiliza, Rai haishii kusema kwamba nduguze walistahili na adhabu iendelee. Anaingilia kati ili ikome. Na wala Huria si Mungu. Ni jini, binti wa ulimwengu wenye ukoo na ufalme wake, aliyekasirika kwa niaba ya mtu aliyemfadhili. Hasira yake ina sababu nzuri, lakini ni hasira ya kiumbe, na kiumbe anaweza kuombwa. Adili, kwa wema wake wote, ameichukua amri kama jambo lisilojadilika. Ilihitajika aje mtu wa nje, ofisa wa kodi aliyeshindwa kulala, ili jambo la ndani ya nyumba lipelekwe mahali linapoweza kujadiliwa.

Umbo la usimulizi linaisaidia hoja hii. Karibu kila tunachokijua kuhusu ubaya wa Hasidi na Mwivu tunakisikia kutoka kwa mtu anayejibu tuhuma za kuwapiga. Sisemi Adili anaongopa. Hakuna kitu kitabuni kinachotupa ruhusa ya kusema hivyo. Nasema tu kwamba mwandishi alichagua kuliweka simulizi ndani ya baraza la kusikiliza shauri, kama alivyofanya mwaka mmoja kabla katika Kusadikika, ambako Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa visa vya wajumbe. Mwandishi anayerudia umbo lilelile vitabu viwili mfululizo anatuambia kwamba kwake haki ni jambo la watu kuketi na kusikilizana. Adhabu ya usiku, nyuma ya mlango, hata ikiwa imestahiliwa, bado haijawa haki.

Kwa msomaji wa Thika na Ruiru, tarehe ya kitabu ina uzito wake. Kilitoka mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952, na Kiambu ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Msomaji mzee wa huku anaweza hata kusikia kwenye neno manyani mwangwi wa kambi ya Manyani kule Tsavo, ambako wanaume wengi wa Mlima Kenya walifungwa bila kesi. Mwangwi huo ni wa bahati tu. Kambi ilianza mwaka 1954 na mwandishi alikuwa Tanganyika. Sitaujengea hoja. Kinachofaa zaidi kulinganishwa ni jambo la karibu na mtoto mwenyewe. Kiboko kilipigwa marufuku rasmi katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili, lakini mjadala wa kama mtoto analeleka bila fimbo haujaisha mitaani wala katika vyumba vya walimu. Adili anayelia huku akipiga ni sura ambayo watoto wengi wanaifahamu: mtu mzima mwenye mapenzi ya kweli anayewaambia kwamba inamuuma yeye zaidi.

Hapo ndipo mwingine atakaposema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa watoto, na kwamba kazi ya hadithi ya majini ni kuwafurahisha na kuwaachia funzo moja jepesi. Nadhani mtoto ndiye msomaji anayelitambua tatizo hili upesi. Mpe kisa hiki mtoto wa miaka kumi, na swali lake la kwanza halitakuwa Hasidi ana sifa gani. Atauliza watapigwa mpaka lini. Mtu mzima aliyezoea mitihani ndiye anayelivuka swali hilo kwa sababu halina alama zilizotengwa. Fantasia inamsaidia mtoto kuliuliza bila woga: hamtaji baba wala mwalimu, anamtaja mtawala wa Janibu na manyani wake.

Pamoja na haya, usomaji wangu una mahali unapopwaya, na sitapaficha. Nimesema kitabu kinahamisha adhabu kutoka gizani mpaka barazani, ambako watu husikilizana. Lakini baraza hilo ni la wanaume, na jini mmoja mwenye nguvu. Mwelekevu, aliyepoteza mji mzima kwa hukumu moja, kisha akampoteza aliyemwokoa kwa usaliti wa ndugu, hapewi kiti cha mlalamikaji. Msamaha unapitishwa, harusi zinapangwa, na yeye anaingia humo kama sehemu ya furaha ya Adili. Je, amewasamehe watu waliomtosa mchumba wake baharini kwa kumgombania yeye? Mwandishi aliyempa kila mtu jina la tabia yake alimwita yeye Mwelekevu, mtu anayefahamu mambo haraka, kisha hakumuuliza anafahamu nini. Mwanafunzi wa Kamenu anayetaka insha ambayo haimo katika mwongozo wowote aanzie hapo.