Hewa ndani ya fuvu na safari ya Bugarama

Chupa ya maji iliyonywewa Bugarama, ikafungwa kizibo na kutupwa nyuma ya kiti, hufika Bujumbura imebonyea mbavu. Pakiti za krispi zilizopakiwa mjini nazo huvimba kama mito zikipandishwa mlimani. Wafanyabiashara wa barabara ya RN1 wamezoea kuyaona yote mawili. Hakuna aliyeibonyeza chupa wala kuipuliza pakiti. Hewa iliyofungiwa hutanuka palipo juu na kusinyaa palipo chini.

Mtaa wa Kiriri unaonyesha vizuri jinsi tofauti hiyo ilivyo karibu. Ukisimama huko mlimani, ilipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, mji wote uko chini yako, Ziwa Tanganyika mbele, na ng'ambo milima ya Kongo. Ziwa liko kama mita 775 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya Kiriri milima inazidi kupanda, na Bugarama, kama kilomita 35 tu kwa barabara kutoka mjini, iko kwenye mita 2,200 hivi. Hewa inayojaza chupa tano Bujumbura, huko juu ingehitaji karibu chupa sita.

Kwa chupa na krispi hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mtu aliyeumia kichwa si la kuchekesha hata kidogo, kwa sababu hewa inaweza kufungiwa ndani ya fuvu pia.

Kwa kawaida fuvu halina hewa ndani yake. Mna ubongo, damu na maji ya ubongo, vyote vikiwa ndani ya utando mgumu. Lakini kati ya ubongo na matundu ya pua kuna ukuta wa mfupa ambao mahali pengine ni mwembamba kama ganda la yai. Pigo la paji la uso likiupasua ukuta huo pamoja na utando, njia hufunguka: maji ya ubongo hutoka, hewa huingia. Mfupa wa nyuma ya sikio ukivunjika, huweza kutokea vivyo hivyo. Wapasuaji nao huacha hewa kidogo wanapofungua fuvu, kwa mfano kutoa damu ya zamani iliyokusanyika juu ya ubongo. Madaktari huiita hali hii nyumosefali. Mara nyingi hewa hiyo ni kidogo na mwili huinyonya yenyewe kwa siku au wiki chache.

Balaa huanza pale kipande cha utando kilichochanika kinapofanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli. Mgonjwa akikohoa, akipenga kamasi au akibana pua wakati wa kupiga chafya, hewa husukumwa ndani. Akitulia, njia ya kutokea hujifunga. Hewa huongezeka pumzi kwa pumzi na kuubana ubongo. Kwenye picha ya CT ya mgonjwa wa namna hiyo, sehemu mbili za mbele za ubongo husukumwa nyuma na kutengana, zikafanana na kilele cha mlima. Madaktari wa Japani walioeleza alama hiyo mwaka 1988 waliipa jina la mlima wao, Fuji.

Ajali za kichwa si ngeni RN1. Vijana wa baiskeli huteremsha ndizi kutoka milimani kwa kasi ya gari, wengi bila kofia ngumu, na wakirudi hujishikiza nyuma ya malori. Abiria wa pikipiki nao huanguka.

Chukua mfano wa mama wa Ngara aliyekuja Bujumbura kununua mawese na vitenge. Anaanguka kwenye pikipiki, anapoteza fahamu kidogo, anaamka. Jeraha la paji linashonwa na anaambiwa apumzike. Kesho yake tundu moja la pua linadondosha maji meupe, hasa akiinama. Anadhani ni mafua ya vumbi, anapenga. Kichwa kinauma, lakini mzigo umeshalipiwa na gari la kwenda Kobero linaondoka alfajiri. Na njia ya Kobero inapitia Bugarama.

Hayo maji ndiyo yanayopaswa kumzuia. Mafua huwa mazito na hutoka matundu yote mawili. Maji ya ubongo ni mepesi, mara nyingi hutoka upande mmoja, na mgonjwa huweza kuonja chumvi kooni. Wapo wanaosikia kitu kikichapa ndani ya kichwa wakigeuka, kama dumu lisilojaa, na wengine huwadhania wamechanganyikiwa. Ni kweli wanasikia: hewa na maji vimekutana ndani ya fuvu. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka au kifafa ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Homa na shingo ngumu pia, kwani njia inayopitisha hewa hupitisha vijidudu vya homa ya uti wa mgongo.

Kuiona hewa hiyo si jambo la juzi. Mwaka 1913 daktari Luckett wa New York alieleza picha ya eksirei iliyoonyesha hewa ndani ya ubongo wa mtu aliyevunjika fuvu. Miaka mitano baadaye Walter Dandy wa Baltimore alianza kuingiza hewa humo kwa makusudi, ili vyumba vya ubongo vionekane kwenye picha. Leo CT huonyesha hata nusu mililita.

Matibabu ya kwanza ni ya kawaida mno hivi kwamba wagonjwa huyadharau: kulala kichwa kimeinuliwa, kutopenga kamasi, kupiga chafya mdomo ukiwa wazi, kutojikamua chooni, kutobeba mzigo. Pua isizibwe kwa pamba. Hospitalini mgonjwa huweza kupewa oksijeni nyingi, inayosaidia damu kuinyonya naitrojeni ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa iliyonaswa. Hewa ikiubana ubongo, au maji yasipokauka, mpasuaji huingia kazini.

Na safari? Kiasi cha hewa ndicho kinachoamua mengi. Mililita 5 zikipanda Bugarama zinataka nafasi ya mililita 1 zaidi, na pengine mgonjwa asihisi kitu. Mililita 50 zinataka 10, ndani ya fuvu lisilotanuka. Ndege haikwepeshi tatizo, kwani hewa ya ndani yake huweza kushuka hadi kulingana na ya mita 2,400. Barabara za Gatumba kwenda Uvira na ya kando ya ziwa hadi Rumonge ni tambarare, lakini mtikisiko na mizigo viko palepale, na pua inayovuja haijali njia. Ruhusa ya kuondoka hutolewa na daktari aliyeiona picha, baada ya maji kukauka.

Anayeruhusiwa aombe picha zake na barua ya hospitali. Barua ya Bujumbura huandikwa Kifaransa. Ukishavuka Kabanga, daktari wa upande wa Tanzania hufanya kazi kwa Kiingereza. Ni vyema kuiomba kwa lugha zote mbili kabla ya kutoka wodini, na kumweleza wazi mwandishi wake kwamba safari inapitia mlimani.