Bonde la Kilombero: ghala la mpunga na amana ya maji

Familia nyingi za Dar es Salaam hulijua Bonde la Kilombero kwa harufu kabla ya kulijua kwa macho. Siku ya Idi sufuria ya pilau inapofunuliwa, na punje zimechambuka moja moja, mgeni hakosi kuuliza mchele umetoka wapi. Kama hakuambiwa Mbeya, ataambiwa Ifakara.

Bonde hilo liko kusini mwa Mkoa wa Morogoro. Upande mmoja limekingwa na Milima ya Udzungwa, upande wa pili na nyanda za juu za Mahenge. Katikati yake unapita Mto Kilombero, ambao hukutana na Luwegu ukazaliwa Mto Rufiji. Kila masika mto huo hufurika, na maji yakipwa huacha nyuma udongo wenye rutuba. Hapo ndipo penye siri ya mpunga wake.

Wandamba, mabingwa wa mitumbwi, waliishi kwa uvuvi na mpunga tangu zamani, wakipakana na Wapogoro na Wambunga. Wenyeji wa pande hizi hawakuupokea ukoloni kwa kuinama: Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji walilishambulia boma la Wajerumani pale Mahenge.

Mabadiliko makubwa ya uchumi yalikuja baada ya uhuru. Kiwanda cha sukari kilichoanzishwa mapema miaka ya 1960 kiligeuza ukanda wa Kidatu kuwa mashamba ya miwa, na hadi leo wakulima wadogo wengi wa vijiji jirani hukiuzia miwa yao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ikileta wageni na kuchukua magunia. Ifakara yenyewe ina sifa nyingine: maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1956 imekua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo utafiti wake juu ya malaria na vyandarua unajulikana duniani.

Kwa miaka mingi, aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga alitegemea kivuko. Mgonjwa na mama mjamzito walisubiri pamoja na malori, na mto ukichafuka safari ilikuwa ya mashaka. Januari 2016 kivuko kilizama. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, na ng'ambo mbili zikawa mji na jirani yake.

Hata hivyo, ustawi huo wote umesimama juu ya kitu kimoja: maji yashukayo mlimani. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na ndiyo yanayoelekea Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hivyo taa ya sebuleni na wali wa mezani, kwa sehemu kubwa, vina chimbuko moja.

Bonde limekwisha kutupa onyo. Katika korongo la Kihansi aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyepatikana kwingine popote, aliyetegemea ukungu wa maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ukungu ule ulipungua mno, na chura akatoweka porini. Kizazi chake kilinusurika kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Leo wasiwasi ni mpana zaidi. Mashamba na mifugo vimesogea hadi ndani ya ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2002, makao ya swala aitwaye sheshe. Mkulima anahitaji shamba, mfugaji anahitaji malisho, na wote wawili wana watoto wa kulisha. Ugomvi wao hautamalizwa kwa kuwafukuza watu peke yake. Unataka mipaka inayojulikana, mipango ya ardhi inayoheshimiwa, na viongozi wasiouza eneo moja mara mbili.

Kwa wazazi wanaotafuta mahali pa kuwapeleka watoto likizo, tunashauri Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo makao yake yako Mang'ula. Huko hutembelewa kwa miguu, si kwa gari. Njia ya msituni hupandisha hadi maporomoko ya Sanje, yashukayo takriban mita 170, na mwenye bahati atamwona kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Miezi ya Juni hadi Oktoba hufaa zaidi, kwani wakati wa mvua njia huteleza.

Mkifika juu, wageuzeni watoto watazame chini: miwa, mpunga na mto ng'ambo. Kisha waonyesheni maji yanayopita miguuni mwao, wajue kwamba yale ya chini yanaanzia hapo.