Je, daraja la shahada hupima akili ya mwanafunzi?

Msimu wa mahafali uwadiapo, kurasa za magazeti hujaa picha za majoho na kofia, na katika kila familia swali huwa ni lile lile: amepata daraja gani? Aliyepata Daraja la Kwanza hupokewa kwa vigelegele na kuitwa bingwa. Aliyepata Daraja la Pili la Chini huanza kujieleza kabla hajaulizwa. Na aliyeponea chupuchupu kwa kile tukiitacho "pasi" huenda akaificha karatasi yake hata mbele ya mama aliyeuza ng'ombe ili kumsomesha. Wasomaji walio walimu wanaujua mtindo huu. Wanafunzi wanaujua zaidi kwani wao ndio unaowachoma. Ningependa leo tujiulize kwa utulivu daraja hilo hutuarifu nini hasa kuhusu akili ya mtu na uwezo wake wa siku zijazo. Rai yangu, baada ya miaka kadhaa ya kufundisha isimu na kusahihisha mitihani, ni kwamba hutuarifu machache kuliko tunavyoamini, na kwamba tunalipa bei kubwa kwa imani hiyo.

Tuanze na asili yake. Madaraja haya hatukuyabuni sisi. Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilifungua milango mwaka wa 1956, na kufikia mwaka wa 1961 kilikuwa kikiwaandaa wanafunzi kwa ajili ya shahada za Chuo Kikuu cha London. Makerere ilikuwa imetangulia kuifuata njia hiyo. Tulipojipatia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka wa 1963, na hatimaye Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, tulibadilisha jina na nembo, lakini ngazi ya madaraja tukaiacha ilivyokuwa. Ngazi hiyo iliundwa kwa vyuo vyenye wanafunzi wachache, ambako mhadhiri alimjua kila mwanafunzi kwa jina na kubishana naye ana kwa ana. Leo ngazi ni ile ile, ilhali ukumbi wa mihadhara umejaa mamia ya vijana, wengine wakisikilizia dirishani.

Hebu tutazame jinsi alama inavyozaliwa. Katika vyuo vyetu vingi, kazi za muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho alama 70. Mtihani wenyewe huchukua saa mbili au tatu, na agizo lililo juu ya karatasi kila msomaji aliyepitia chuo kikuu anaweza kulitaja akiwa usingizini: jibu swali la kwanza na mengine mawili. Katika muda huo mfupi mwanafunzi atahukumiwa kwa kazi ya muhula mzima. Aliyelala na homa ya malaria usiku uliotangulia, aliyefukuzwa katika chumba cha kupanga wiki hiyo, au aliyekuwa akibeba abiria kwa pikipiki hadi usiku wa manane ili apate karo, wote hupewa karatasi ile ile na saa zile zile. Sijasema kwamba ni dhuluma kuwapa karatasi moja. Nasema kwamba alama itakayotoka imebeba ndani yake malaria, kodi ya nyumba na pikipiki, ila hakuna atakayeviona anapoisoma.

Kisha karatasi hizo humfikia msahihishaji, naye ni binadamu. Karatasi ya 250 haisomwi kwa jicho lile lililoisoma ya kumi. Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka wa 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walisambaza nakala za karatasi zile zile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi. Walimu 142 waliirudisha karatasi moja ikiwa imesahihishwa. Mmoja aliipa alama 64 kwa mia, mwingine 98. Wenye kudharau masomo ya lugha walisema kwamba insha haina budi kuleta utata wa namna hiyo. Wachunguzi wale wakarudia jaribio lao kwa karatasi ya jometri, na tofauti ikazidi kuwa kubwa. Sasa fikiria kwamba kwetu pengo la alama 59 na 60 ndilo linalotenga Daraja la Pili la Chini na lile la Juu, na huenda likaamua iwapo kijana ataitwa kwenye mahojiano ya kazi.

Kuna mfano wa nyumbani ulio dhahiri zaidi, ingawa ni wa shule za sekondari. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, watahiniwa waliopata gredi ya A kamili walizidi 2,600. Mwaka uliofuata, wa 2016, walikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi, yaani waliotimiza sharti la kujiunga na chuo kikuu, walishuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi 88,929. Je, akili za watoto wa Kenya zilinyauka katika muda wa miezi 12? La hasha! Kilichobadilika ni kipimo: wizara na baraza la mitihani zilikuwa zimeziba mianya ya udanganyifu, na namna ya kuyashughulikia matokeo ikabadilika pia. Mtoto aliyepata B mwaka wa 2016 huenda angalipata A mwaka mmoja nyuma akiwa na ubongo ule ule. Na bado, miaka mingi baadaye, mwajiri huziweka karatasi hizo mbili mezani na kuzilinganisha kana kwamba zimepimwa kwa ratili moja.

Niruhusiwe sasa kuingia katika uwanja wangu wa lugha. Katika miaka ya 1960, mwanaisimu William Labov alichunguza lugha ya watoto weusi wa Harlem, jijini New York. Wataalamu wa elimu walikuwa wametangaza kwamba watoto hao hawana lugha ya kutosha kufikiria, kwani walipohojiwa walijibu kwa neno moja moja au wakanyamaza. Mtoto mmoja wa miaka 8 alihojiwa akatoa majibu makavu kabisa. Mhojaji, ambaye mwenyewe alikulia Harlem, akarudi siku nyingine na mfuko wa vibanzi vya viazi, akamleta rafiki wa mtoto yule, akaketi sakafuni badala ya kumwinamia kutoka juu, kisha akaanzisha mazungumzo ya mambo ya mtaani. Mtoto aliyedhaniwa kuwa bubu akamwaga maneno, akikatizana na mwenzake na kubisha hoja. Akili yake haikuwa imeongezeka. Mazingira ya kumpima ndiyo yaliyogeuka.

Mwanafunzi wetu naye anaandika mtihani wa historia, wa kemia au wa uchumi kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Alama aipatayo katika historia ni alama ya historia iliyochanganyika na ya Kiingereza, na hakuna chujio la kuzitenganisha. Nimewasikia vijana wakijadili chanzo cha vita vya Maumau kwa Kiswahili chini ya mti kwa umahiri wa kumshangaza mtu, kisha nikaona walichokiandika kwa Kiingereza kikiwa ni sentensi sita za kukariri.

Usidhani kwamba Idara za Kiswahili zimeokoka. Huko nako kuna kichekesho chake. Mzaliwa wa Mombasa anayesema "yuwaja", kama walivyosema babu zake tangu jadi, hupigiwa mstari mwekundu na mwalimu aliyejifunza Kiswahili darasani. Mwenzake wa bara aliyekariri jedwali la ngeli kutoka mwanzo hadi mwisho humshinda kwa alama 15, lakini mpe ubeti mmoja aukamilishe papo kwa papo, atatokwa na jasho. Wote wawili wana ujuzi, na ujuzi wa ngeli si wa kudharauliwa. Mimi mwenyewe naula mshahara wake. Ila karatasi imeuliza kuhusu ujuzi mmoja tu, nasi tukautangaza kuwa ndio akili yote.

Kwani ni nani asiyemjua marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makazi yake Mombasa? Maneno "runinga" na "tarakilishi" yanahusishwa naye. Utenzi wake wa ujenzi wa chombo cha baharini, Sambo ya Kiwandeo, ulichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1979. Maprofesa kutoka Ulaya na Marekani walivuka bahari ili wakae mkekani pake wajifunze. Elimu hiyo hakuipata katika ukumbi wa mihadhara.

Kuna watakaonijibu kwamba maneno haya ni faraja kwa wavivu. Hoja yao ina uzito, nami siipuuzi. Alama hupima kitu. Mwanafunzi asiyeonekana darasani tangu Januari hadi Aprili, kisha akapata alama 38, asije akaninukuu kwa baba yake. Daktari atakayenipasua ningependa awe alifaulu anatomia. Alama nzuri kwa kawaida huonyesha bidii, nidhamu na uwezo wa kutii maagizo, na hizo ni sifa njema. Lakini nyakati nyingine huonyesha mwakenya uliofichwa ndani ya soksi. (Hili ni neno lenye historia ya ajabu: jina la harakati ya siri ya kisiasa ya miaka ya 1980, ambalo wanafunzi walilichukua wakaliita karatasi ya kuibia mtihani, kwa sababu vyote viwili ukikamatwa navyo umekwisha.)

Linalonitia wasiwasi zaidi ni milango inayofungwa. Vyuo vyetu vingi humtaka mwombaji wa shahada ya uzamili awe na Daraja la Pili la Juu, au lile la Chini pamoja na tajriba ya kazi ya miaka miwili hivi. Tazama sharti hilo la pili kwa makini. Chuo chenyewe kinakiri kwamba miaka miwili ya kazi yaweza kuonyesha uwezo ambao daraja halikuuonyesha. Ikiwa ndivyo, kwa nini tusitafute uwezo huo kabla ya mwanafunzi kuondoka mikononi mwetu? Yawezekana. Tumpe mwanafunzi wa isimu kinasa sauti aende kijijini akaandike msamiati wa wavuvi, arudi auteteze uchambuzi wake kwa mdomo mbele ya wahadhiri wawili. Turudishe karatasi za mtihani wa mwisho kwa wenyewe, ili ajuaye kwamba amepata 54 ajue pia ni kwa nini. Kwa sasa wengi hawazioni tena karatasi zao wakishazikabidhi. Na mwajiri aelezwe mwanafunzi amefanya nini, mbali na jumla ya tarakimu.

Najua nitaulizwa mhadhiri mwenye wanafunzi 400 atapata wapi muda wa kuwasikiliza mmoja mmoja. Hatapata, mradi serikali na mabaraza ya vyuo yanaendelea kuongeza wanafunzi bila kuongeza walimu. Swali hilo lielekezwe huko.

Kundi la kwanza la vijana wa mtaala wa umilisi linatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka wa 2029. Hao wamelelewa kwa miradi, kwa kazi za vikundi na kwa kuulizwa wanaweza kutenda nini. Katika idara nyingi, karatasi inayowangojea ingali inawaagiza wajibu swali la kwanza na mengine mawili.