Njia ya mwendokasi si ya boda wako: panga mzigo wa Dar kwa akili

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee barabara. Najua kuna atakayesema, mimi nauza korosho Nanyamba, barabara za Dar zinanihusu nini? Zinakuhusu sana. Mzigo wetu wa kusini unaingia Dar kwa Barabara ya Kilwa, unapita Mbagala, na katikati ya barabara hiyo imejengwa njia ya mwendokasi, awamu ya pili. Ile ya kwanza, ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, kama kilomita 21, ilianza kubeba abiria Mei 2016.

Njia hizo zimetengwa kwa mabasi. Boda, bajaji na kirikuu haviruhusiwi. Na hii si Dar tu. Nairobi walifungua barabara ya juu ya kulipia mwaka 2022, kilomita 27, pikipiki na bajaji marufuku. Marekani wamefika mbali zaidi: jimbo la Michigan lilitangaza mwaka 2020 mpango wa njia maalumu ya magari yanayojiendesha, kati ya Detroit na Ann Arbor, na mwaka 2022 likapitisha sheria ya kuruhusu njia za namna hiyo.

Mimi sipingi. Basi moja refu la mwendokasi linabeba watu zaidi ya 100, lazima lipite. Ila serikali ikitenga njia, sisi tujiulize: nani kaachwa nje? Mara nyingi ni pikipiki, na pikipiki ndiyo inayofikisha oda zetu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usiahidi saa kamili. Boda anabaki kwenye foleni na magari mengine. Mwambie mteja "leo mchana" au "jioni", usimwambie "saa nane kamili".

2. Usimsukume boda. Ukimpigia mara tano, "fanya haraka, mteja ananisumbua", unamtamanisha aingie njia ya basi. Basi linakuja kasi na dereva hategemei kukuta pikipiki pale. Kilo mbili za korosho hazifanani na uhai wa mtoto wa mtu.

3. Tumia vituo. Mteja anayepanda mwendokasi kila siku, mwombe mkubaliane kituo cha karibu na mzigo ulipo, aupokee hapo nje. Boda anaenda safari fupi, nauli inapungua.

4. Nauli ya boda iandike kando na bei ya bidhaa, na uulize eneo kabla hujataja bei. Ukisema "nakuletea bure" bila kujua mteja yupo wapi, faida yote inaishia barabarani.

Mteja akichelewa kupata mzigo huku umemwambia ukweli mapema, atarudi. Ukimdanganya saa, hata korosho iwe nyeupe namna gani, harudi.

Wewe mzigo wa Dar unautumaje? Tuambie hapo chini, tujifunze wote.