Foto ya kundi Baraka: kila uso ni nakala ya kuuza

Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, akina mama wa Baraka, kama wenzao wa Kongo nzima, hushona kitenge cha aina moja na kutoka kwa vikundi: wauza ndagala, waalimu, wauguzi, wanakwaya. Maandamano yakiisha kila kikundi hutafuta mpiga foto. Siku hiyo ndipo kazi hii huonyesha faida na hasara yake kwa pamoja.

Hesabu ni nyepesi. Foto ya mtu mmoja huuzwa mara moja. Foto ya akina mama kumi na wawili inaweza kuuzwa mara kumi na mbili. Lakini kila mteja hununua uso wake mwenyewe. Aliyefumba macho, aliyezibwa na kilemba cha jirani, aliyetoka na giza machoni, huitazama mara moja, akasema atarudi kesho, asirudi. Na siku hizi hata mtoto wa shule ana simu yenye kamera. Anachobaki nacho fundi cha kuuza ni ustadi wa kupanga watu na kujua mwanga.

Mwanga wa Baraka una tabia yake. Mji uko ufukweni, nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, ziwa Tanganyika likiwa mashariki na milima magharibi. Karibu kila mteja anataka ziwa lionekane nyuma yake. Asubuhi jua huchomoza upande wa rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, hivyo anayelipa ziwa mgongo analipa jua mgongo pia: maji yanang'aa, nyuso zinakuwa nyeusi kama makaa. Foto ya ziwa Baraka ni ya alasiri, kuanzia saa kumi, kabla milima haijalimeza jua. Asubuhi wageuze watu, mandhari iwe milima. Kwa wenzetu walio ng'ambo, kwenye ufuko wa Ubwari unaotazama ghuba, mambo ni kinyume: kwao foto ya maji ni ya asubuhi. Fundi asiyeijua siri hii hupoteza nusu ya nakala zake kila harusi.

Tatizo ni kwamba sherehe nyingi huishia adhuhuri, jua likiwa utosini na kila jicho limejaa kivuli. Hapo dawa ni kivuli kizima cha kibaraza cha kanisa au cha shule. Chini ya mwembe mwanga hupenya majani na kumpaka mteja madoadoa. Wasimamishe karibu na ukingo wa kivuli, wakitazama uwanja ulio wazi. Mchanga mweupe ulio mbele yao utawarudishia mwanga usoni. Pasipo mchanga, watu wawili washike shuka nyeupe. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na ambaye foto zake leo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, alifanya kazi zaidi uani kwake kwa mwanga wa jua, na mara nyingi alimpiga mteja foto moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali.

Usiku, kwenye ukumbi unaotegemea jenereta au betri ya sola, kosa la kawaida ni kuileta taa karibu mno. Taa ikiwa mita 1 kutoka safu ya mbele na mita 2 kutoka ya nyuma, walio nyuma hupata robo tu ya mwanga wa wenzao. Irudishe nyuma mpaka mita 3 na 4, nao watapata zaidi ya nusu. Iinue juu ya vichwa, upande mmoja kidogo.

Kupanga watu kunahitaji adabu kwanza. Wazee huketi mbele, kwenye viti, na huitwa mwishoni, wengine wakiwa wameshapangwa, wasichoke bure. “Papa, inua kidevu kidogo.” “Mama, mgeukie mwenzako.” Mabega yakigeuzwa upande kidogo, kundi linabanana na hakuna anayeonekana mpana kuliko alivyo. Kila kichwa kiwe kwenye nafasi kati ya vichwa viwili vya mbele, si nyuma ya kimoja. Anayetumia simu asiwasogelee: lenzi yake pana huwavuta walio pembeni mpaka wanavimba. Arudi hatua tano, kisha aikuze picha mara mbili.

Kuhusu macho yanayofumba, watafiti wa taasisi ya CSIRO ya Australia walipiga hesabu iliyopata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006: kwa kundi lisilofika watu 20, gawa idadi yao kwa 3 kama mwanga ni mzuri, kwa 2 kama ni mbaya. Akina mama kumi na wawili kivulini: piga mara 4. Ukumbini usiku: piga mara 6. Hakuna ushauri wa bei rahisi kuliko huo.

Na soko haliishii Baraka. Vita vya 1996 na 1998 viliwapeleka watu wengi wa eneo letu la Fizi Tanzania, kwenye kambi ya Nyarugusu, na kutoka huko wengine wakahamishiwa Marekani. Foto ya ukoo iliyopigwa leo ufukweni inafika kwao kwa WhatsApp usiku huohuo, na huko kuna bibi anayetafuta sura ya mjukuu ambaye hajawahi kumwona. Mjukuu huyo asiwe kivuli.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kamati za harusi, za kwaya na za shule zinazoandika programu: foto ya kundi iwekeni saa mbili asubuhi, milima ikiwa nyuma, kabla ya hotuba, na mpeni mpiga foto dakika kumi.