Feza iko kwenye konti lakini haitoki: juu ya nini?

Benki zilifunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Tangu hapo wakaaji wengi wanatuuliza: feza yangu iko kwenye konti, juu ya nini siwezi kuitoa?

Kwanza tuelewe kazi ya benki. Feza unayoweka hailali yote kwenye sanduku la chuma. Benki inabakiza sehemu kidogo kwa wale wanaotoa kila siku. Ingine inakopesha wafanyabiashara ao inaiweka kwenye benki zingine, hata ngambo. Siku za kawaida hakuna shida, kwa sababu watu hawaji wote mara moja.

Kuna siku wanaotoa wanapita wanaoweka. Hapo benki inakopa kwa benki ingine iliyobakiwa na feza, mara nyingi kwa usiku mmoja, na kesho inarudisha na faida kidogo. Ni kama mama wa soko anayeomba jirani yake chenji asubuhi na kumrudishia jioni. Deni hilo linasimama juu ya kuaminiana.

Kuaminiana kukiisha, je? Tarehe 15 Septemba 2008 benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilitangaza kufilisika. Hakuna aliyejua ni nani mwingine anaficha madeni mabaya ya nyumba. Kila benki ikakamata feza yake. Hata benki zenye afya zikakosa wa kuzikopesha. Ndipo benki kuu ya Marekani ikakopesha dola kwa benki zake, na ikazipitisha pia kwa benki kuu za Ulaya, Uingereza, Japani na kwingine. Benki kuu ndiyo mkopeshaji wa mwisho, wakati wengine wote wanakataa.

Kwetu, kazi hiyo ni ya Banque Centrale du Congo. Lakini dawa hiyo ina mipaka miwili.

Wa kwanza ni dola. Akiba nyingi katika benki za Kongo ziko katika dola, na benki kuu yetu inachapisha franga tu. Noti za dola lazima zitoke nje.

Wa pili ni njia. Benki mbili za Kinshasa zinaweza kukopeshana kwa kompyuta ndani ya dakika chache. Lakini mkopo huo hauleti noti mkononi mwa mtu wa Goma. Noti inasafirishwa, inalindwa, inahesabiwa. Uwanja wa ndege ukifungwa na tawi la benki kuu lisipofanya kazi, feza inabaki namba tu. Ndiyo maana wengine walivuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta noti, na wengine wakakatwa komisyo kubwa kwa wakala wa simu.

Kwa hiyo tusichanganye: kufunga si kufilisika. Feza ya kwenye konti ingali deni la benki kwako. Chunga vizuri karatasi zote za kuweka na kutoa, namba ya konti na kitambulisho chako. Siku mlango utakapofunguka, hivyo ndivyo vitakuwa ushahidi wako.