Jibini la kupaka: hesabu iko kwenye kijiko

Anayepunguza uzito halazimiki kuacha jibini laini la kupaka, ila inampasa asome maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Kwa kanuni za Marekani, jibini la krimu huwa na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33, na gramu 100 hutoa kalori 350 hivi. Aina ya Neufchâtel ya huko, yenye mafuta ya kuanzia asilimia 20 lakini chini ya 33, hutoa takriban 250.

Kijiko kimoja cha mezani cha jibini la krimu kina kalori 50 hivi, nusu ya kijiko cha siagi. Kikipakwa kwenye vipande vya tango, karoti au nyanya, ni kitafunwa tosha. Kwa mlo, kiazi cha kuchemsha, mchicha na kijiko hicho hicho vinashibisha.

Mwenye bajeti ndogo achuje mtindi usio na krimu kwa kitambaa safi, usiku kucha ndani ya jokofu. Utakuwa mzito wa kupaka.

Tahadhari: vijiko vikiwa viwili, hesabu inarudi kwenye siagi.